Gari la Haibridi Lina Mikondo Miwili ya Kupoza: Kimya Chake Kisikudanganye



Katika foleni za Malaba na Busia, kati ya malori, yameanza kuonekana magari ya haibridi, yaani yenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja. Jioni moja askari wetu wa doria alimkuta dereva wa gari la namna hiyo ameinua boneti kando ya barabara. Taa ya onyo la joto ilikuwa imewaka, injini imenyamaza, naye akaamini kuwa gari limezimika. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya kifuniko cha rejeta. Askari alimzuia. Dakika chache baadaye injini ilijiwasha yenyewe.

Hapo ndipo lilipo fundisho la kwanza. Gari la haibridi huzima na kuwasha injini lenyewe hata likiwa limesimama. Alama ya kwamba gari li hai ni taa iliyoandikwa READY kwenye dashibodi. Kabla ya kugusa chochote chini ya boneti, bonyeza kitufe cha kuzima hadi taa hiyo ipotee, weka ufunguo mbali na gari, kisha subiri injini ipoe kabisa. Kulanti iliyobanwa ndani ya rejeta huweza kupita nyuzijoto 100 bila kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa, huruka usoni.

Fundisho la pili ni kwamba gari hili lina mikondo miwili ya kupoza. Tuchukue mfano wa Toyota Prius. Mkondo wa kwanza hupoza injini. Wa pili, wenye tangi na pampu yake, hupoza inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa ili uendeshe mota. Fundi aliyezoea magari ya kawaida aweza kubadilisha kulanti ya injini na kuusahau mkondo huu wa pili. Pampu yake ya umeme huharibika bila kelele. Mwaka 2012 kampuni ya Toyota yenyewe iliyaita magari mengi ya haibridi yarudishwe ili kushughulikia pampu hiyo. Katika Prius za kizazi cha pili, ukaguzi ni mwepesi: gari likiwa READY, fundi atazame ndani ya tangi la inveta. Kulanti ikizunguka, pampu ni nzima. Ikitulia tuli, pampu ibadilishwe.

Kulanti ya waridi ya kiwandani hubadilishwa mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000 kwa injini na 240,000 kwa inveta, kisha kila kilomita 80,000. Gari lililotumika ng'ambo huenda limekwisha kupita kiwango hicho; muulize muuzaji kabla ya kulipa. Wakati wa kubadilisha, kagua pia themostati, mipira na vifuniko. Usijazie maji ya kisima, kwani chumvi zake huacha ukoko unaoziba vijia vyembamba vya rejeta. Nyaya za rangi ya machungwa zisiguswe na asiye na mafunzo: zimebeba umeme wa zaidi ya volti 200.

Nanyi mnaosafirisha bidhaa, msizibe kwa mizigo tundu la hewa lililo kando ya kiti cha nyuma. Betri kubwa hupumua kwa tundu hilo.

Jambo zito kuliko yote li nyumbani. Kulanti ina ladha tamu, lakini ni sumu inayoharibu figo. Msiihifadhi katika chupa za soda, wala msiimwage mahali watoto na mifugo wanapopita. Mtoto akiionja, apelekwe hospitali mara moja, hata akionekana mzima.

Joto likipanda safarini, toa gari nje ya njia, weka pembetatu za tahadhari mbali nyuma yake, shusha abiria wakae upande usio wa barabara, na upige 999 au 112. Lori lililobeba shehena halisimami ghafla kwa ajili ya gari lililokwama gizani. Ni afadhali kuchelewa kuvuka mpaka kuliko kuwaacha wenzetu wakiwasubiri wasiofika.