Mche wa Makadamia: Soma Majani Kabla ya Kulipa

Vikundi vingi vya Meru na Embu vina kitalu cha makadamia, au vinanunua miche kwa pamoja. Ni jambo zuri. Lakini miche yote ni ya kijani na muuzaji huiita yote makadamia tu. Ukikosea leo, huenda usijue mpaka mti utoe maua. Mti uliotoka kwa mbegu unaweza kukaa miaka 7 au zaidi kabla ya kuzaa. Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo atakuwa amemaliza msingi!

Aina zinazolimwa kwa kokwa ni mbili, na zote asili yake ni Australia. Ya kwanza, integrifolia, ina ganda laini na ndiyo viwanda vinaitaka. Ya pili, tetraphylla, ina ganda lenye mikwaruzo. Kokwa yake ni tamu, lakini kwa sababu ina sukari nyingi, ikichomwa hugeuka kahawia. Hapo mnunuzi anaikataa au anashusha bei.

Sasa utazijuaje kabla ya maua? Angalia mambo manne:

1. Hesabu majani. Shika kifundo kimoja cha tawi. Integrifolia kwa kawaida hutoa majani matatu pamoja, tetraphylla manne.

2. Angalia kikonyo. Jani la integrifolia lina kikonyo kinachoonekana wazi. La tetraphylla limekaa karibu kabisa na tawi.

3. Pitisha kidole ukingoni. Tetraphylla ina miba mingi na jani refu. Integrifolia iliyokomaa ina miba michache au haina.

4. Tazama majani machanga. Ya integrifolia ni kijani hafifu, ya tetraphylla ni mekundu au ya waridi.

Lakini tahadhari! Usihukumu kwa miba peke yake. Mche mdogo wa integrifolia nao huwa na miba, na majani yake ya kwanza hutoka mawili mawili. Tena aina hizi huzaana, kwa hivyo ukiona matatu hapa na manne pale kwenye mti mmoja, huenda ni chotara. Angalia alama zote, kwenye vifundo vingi.

Njia ya hakika zaidi ni kununua miche iliyounganishwa, kama zile aina za utafiti zinazoitwa MRG-20, KRG-15, EMB-1 na KMB-3. Hiyo huanza kuzaa mapema kuliko ya mbegu. Tafuta kovu la kiungo kwenye shina. Kama hakuna kovu, uliza vizuri. Ukishapanda, kata kila chipukizi kinachotoka chini ya kiungo. Hicho ni cha shina la chini, na kikiachwa kitameza kile kichwa kizuri ulicholipia.

Na kama tayari una mti mbaya? Usikimbilie kuung'oa. Unaweza kukatwa na kuunganishwa upya kwa vijiti vya mti mzuri. Muulize afisa wa kilimo, au KALRO pale Embu.

Kabla kikundi hakijatoa pesa, chagueni watu wawili waende kitaluni. Wahesabu majani, waulize mti mama uko wapi, na wakiweza wavunje kokwa zake waone ganda. Waandike jina la aina kwenye risiti. Nusu siku ya kuuliza ni bei rahisi kuliko miaka saba ya kungoja.