Zile Namba za Pembeni Kwenye Tamthilia ya Maid

Wiki iliyopita dada mmoja anayefanya kazi za ndani Doha aliniuliza: "Kaka, mshahara unaingia kwa wakati, lakini tarehe 20 sina hata mia. Naibiwa au najiibia?" Nikamwambia tutapiga hesabu, ila siku yako ya mapumziko tazama Maid. Iko Netflix tangu Oktoba 2021, vipindi 10 tu.

Alex, mama kijana wa Marekani, anamkimbia mwanaume wake usiku akiwa na mtoto mdogo na dola 18. Anapata kibarua cha kusafisha nyumba za watu. Hapo ndipo mimi mhasibu nilipokaa vizuri kwenye kochi, maana pembeni mwa skrini zinatokea namba: hela aliyonayo, na inavyopungua. Mafuta ya gari, toa. Sabuni na vifaa vya kazi anavyonunua mwenyewe, toa. Nauli ya kivuko kwenda kwa tajiri, toa. Hata kudeki hajaanza, hela imeshayeyuka!

Tajiri mwenyewe ni Regina, mwanasheria mwenye jumba la kifahari. Alex anasafisha kwa njaa mpaka anazimia, kisha Regina analalamika kazi haikuridhisha na malipo yanazuiwa. Alex anamchukua mbwa wa Regina mpaka alipwe. (Wewe huko Ghuba usijaribu, tafadhali.)

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Mwaka wangu wa kwanza Uingereza nilisafisha maofisi usiku. Msimamizi alikuwa akinikata saa mbili kila wiki. Nilipolalamika alifungua karatasi yake, akaniuliza, "Yako iko wapi?" Sikuwa nayo. Digrii ya biashara ninayo, karatasi ya saa zangu mwenyewe sina. Muhula ule mdogo wangu alirudishwa nyumbani kwa ada, na mama aliniambia tu, "Usijali mwanangu, Mungu yupo." Mpaka leo kauli ile inaniuma kuliko zile hela.

Kuna Paula pia, mama yake Alex. Nyumba yake inapangishwa, mwanaume wake Basil anapokea kodi, mkopo wa benki haulipi, na nyumba inachukuliwa. Nyie mnaojenga kwa kumtumia ndugu hela ya mabati bila kuona risiti hata moja, sehemu hiyo itazameni mara mbili.

Sasa hesabu ya dada yetu. Mshahara riyali 1,000, ambacho ndicho kima cha chini Qatar tangu Machi 2021, na wafanyakazi wa ndani wamo. Nyumbani anatuma 600, lakini kwa vipande vinne, kila anayepiga simu analia shida yake. Kila kutuma ni riyali 15, kwa hiyo 60 kwa mwezi. Angetuma mara moja angebaki na 45, na kwa mwaka ni 540. Hapo anajiibia.

Ila chakula anajinunulia, kama 250 kwa mwezi, na sheria ile ile inasema mwajiri asiyetoa chakula aongeze riyali 300. Hapo anadaiwaje yeye, wakati yeye ndiye anayedai? Nimemwambia asimkabili madam leo wala kesho. Kwanza daftari: tarehe, alichonunua, bei, risiti, na alichoambiwa. Apige picha kila ukurasa amtumie mtu anayemwamini, maana daftari likiachwa chumbani linaweza kupotea. Mwezi ukiisha, aombe kwa adabu. Akikataliwa, atakuwa na cha kupeleka Wizara ya Kazi.

Nyumbani atawaambia nini? Hilo lilimpa tabu zaidi kuliko madam. Mama yake alishazoea hela ya kila Ijumaa.

Jana usiku amenitumia picha ya ukurasa wa kwanza. Mwandiko wa haraka haraka: "Mchele, mafuta, mayai. Riyali 62. Madam kasema atanirudishia."