LUMBESA: UNAFUU WAKO UKO MGONGONI KWA NANI?

Wadau, leo tuongelee mgongo.

Kitunguu tunachouza hapa Karatu mjini, na kinachopandishwa kwenda hotelini Ngorongoro, kingi kinatoka Mang'ola, kule bonde la Ziwa Eyasi. Mpaka kifike dukani kwako kimenyanyuliwa mara ngapi? Kutoka shambani hadi barabarani, kupanda lori, kushuka sokoni, kupanda guta, kuingia dukani. Mara tano, na kila mara kuna mtu ameinama.

Sasa hebu weka lumbesa hapo. Gunia limejaa, bado linashonewa kichwa juu. Sheria ya Vipimo inasema mfuko wa mazao usizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndio wasimamizi. Lakini lumbesa haifi, kwa sababu bei ni ya gunia, siyo ya kilo. Mnunuzi akiongezewa kichwa anaona kapata. Mkulima kapunjwa, na kuli anayelipwa kwa gunia kabeba zaidi kwa hela ile ile.

Tena hata hiyo kilo 100 halali ni nyingi. Shirika la Kazi Duniani tangu mwaka 1967 linapendekeza mwanaume mzima asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 55, na mwanamke awe chini sana ya hapo. Jirani zetu wapagazi wa Kilimanjaro, mzigo wa kampuni hautakiwi kuzidi kilo 20, na unapimwa getini. Begi la mtalii linapimwa, gunia la kitunguu linakadiriwa kwa macho!

Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na OSHA wapo. Ila kuli wa sokoni leo yuko kwako, kesho kwa mwingine. Akiumia nyonga, bosi wake ni nani? Ndiyo maana mnunuzi una nguvu kuliko unavyodhani.

Fanya hivi:

1. Fuatilia mzigo wako. Kila kituo uliza vitu vitatu: ni kilo ngapi, ananyanyua nani, anatembea umbali gani. Palipo pabaya ndipo pa kuanzia.

2. Nunua kwa kilo. Mzani ukishakuwepo, kichwa cha gunia hakina faida kwa yeyote.

3. Agiza mifuko midogo, ya kilo 50 kushuka chini. Ukiona ni ghali, ungana na wenzako wawili watatu muagize pamoja. Muuzaji anamsikiliza mwenye oda kubwa.

4. Gunia kubwa libebwe na watu wawili, au toroli. Kuinua: piga magoti, mzigo uukumbatie karibu na mwili, usijizungushe kiuno ukiwa umebeba.

5. Dukani, vizito vikae usawa wa kiuno. Sukari na unga weka juu ya chaga, usilaze sakafuni. Vyepesi ndiyo vipande juu.

Usiseme "mimi ni mdogo, sina la kubadilisha". Lumbesa inaishi kwa sababu sisi wadogo ndio tunaichagua pale sokoni.

Gunia lako la mwisho lilikuwa kilo ngapi? Kama hujui, kesho lipime, halafu utuandikie hapa chini.