Aliye Juu Mngoje Chini: Wapenzi wa Mpira Kando ya Mto Chania

Mto Chania huteremka kutoka milima ya Nyandarua, ukapita mjini Thika kwa maporomoko ambayo mgeni huyasikia kabla ya kuyaona, kisha maji yake yakachanganyika na ya mto Thika, yakaingia Tana, na mwisho wa safari yakamiminika Kipini, katika bahari yetu. Tuliyakumbuka hayo hivi karibuni tulipoalikwa huko bara kuhudhuria nikaha ya jamaa zetu na kutoa darsa mbili kwa akina mama. Tulidhani tunakwenda kuwasomesha watu wa mbali. Tuliyoyasikia yalitufahamisha kwamba mashaka ya nyumba za Thika na Ruiru ndiyo yale yale ya nyumba za Mombasa, Malindi na Lamu.

Baada ya darsa ya pili, wenzake walipokwisha kuondoka, mama mmoja wa mtaa wa Majengo alibaki nyuma. Alisita kidogo, kisha akasema, "Sheikh, nina swali ambalo pengine ni la kipuuzi. Nyumbani kwangu mmeingia maradhi ya mpira."

Tukamwambia aeleze, kwani swali la mama juu ya wanawe halina upuuzi.

Ana wavulana wawili. Mdogo ni wa miaka kumi na minne, na roho yake iko kwa timu ya mtaa, ambayo hufungwa takriban kila wiki. Kila Jumamosi hurudi nyumbani na vumbi la uwanja na uso wa huzuni. Mkubwa anafanya kazi kiwandani, na yeye mapenzi yake ni kwa klabu moja kubwa ya Uingereza ambayo hajawahi kuiona ila kwenye televisheni. Huyo hurudi akicheka, kwa kuwa klabu yake hushinda. Mama akadhani mgonjwa ni mdogo, akawa anamkanya yeye. Hata ulipofika mwanzo wa mwezi, mwenye nyumba akabisha hodi kudai kodi, ndipo ikadhihirika kwamba mkubwa aliichukua pesa ya kodi yote akaibashiria kwa simu kwamba klabu yake itaishinda timu ndogo iliyokuwa mkiani mwa ligi. Mchezo ukaisha sare.

"Nilipomuuliza," alisema mama, "alinijibu: Mama, mkubwa hafungwi na mdogo, hii ilikuwa bahati mbaya tu. Basi nieleze, Sheikh. Nani aliyemfundisha mwanangu kwamba wakubwa hawashindwi?"

Tukiri kwamba hatukuwa na jibu la papo hapo. Sisi tulilelewa katika chuo ambacho mpira ulihesabiwa kuwa upuuzi, na mwalimu aliyetukamata ufukweni tukiucheza hakutuuliza maswali mengi. Lakini swali lile halikuwa la kujibiwa kwa kukemea. Kesho yake, baada ya sala ya Adhuhuri, tukamwomba yule mdogo atupeleke uwanjani.

Hapakuwa na jukwaa la maana. Watu walisimama kandokando ya mstari, wazee kwa vijana, na akina mama wauza njugu na mihogo. Timu ya mtaa ilikuwa na jezi ambazo namba zake zilikwisha kubanduka, na tuliambiwa kwamba nauli za kwenda kucheza ugenini huchangwa na majirani, huyu shilingi hamsini, yule mia. Wakafungwa mabao mawili. Lakini walipopata la kwao moja dakika za mwisho, tuliona mzee wa makamo yetu akiwakumbatia vijana asiowajua, na kijana wetu akaruka mpaka kofia yake ikaanguka. Tulipomuuliza mbona anafurahi ilhali wamefungwa, alisema, "Wiki iliyopita hatukupata hata moja, Sheikh."

Tuliporejea tulikaa na wenyeji barazani, watu waliofuata mpira kwa miaka mingi, wakatufahamisha mambo ambayo ni vyema kila mzazi ayajue.

La kwanza ni kwamba hapa Kenya ukubwa wa klabu ni wa namna mbili. Kuna ukubwa wa umati, na kuna ukubwa wa mshahara. AFC Leopards, iliyoanzishwa mwaka 1964, na Gor Mahia, iliyoanzishwa 1968, ni kubwa kwa umati. Ni mali ya wapenzi wao, na mara nyingi wachezaji wao wamelalamika kwamba hawajalipwa. Nyingine zimesimama juu ya mgongo wa kampuni au idara ya serikali: Bandari ya Mombasa, Ulinzi Stars ya jeshi, KCB ya benki, Tusker inayobeba jina la kileo, Polisi waliotwaa ubingwa wao wa kwanza msimu wa 2024/25. Hapo Thika penyewe ipo Bidco United, iliyopanda ligi kuu mwaka 2020. Mchezaji wa klabu ya namna hii anajua mwisho wa mwezi utamkuta na nini. Timu ya mtaa haina umati wa kulipa kiingilio wala kampuni ya kulipa mshahara, na hapo ndipo pengo linapoanzia, kabla mpira haujapigwa.

La pili ni kwamba wadogo hulea na wakubwa huvuna. Watu wa Thika hawasahau klabu yao ya Thika United, ambayo mwaka 2014 ilimchezesha kijana aitwaye Michael Olunga. Mwaka uliofuata alikuwa Gor Mahia, akafunga mabao 19 na klabu ikatwaa ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja. Akatoka nje ya nchi, na mwaka 2020 akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi ya Japani, kwa mabao 28. Na walezi wake? Thika United ilishuka daraja mwisho wa msimu wa 2018, na hadi leo haijarudi ligi kuu. Mzee mmoja alituambia kwamba kila Olunga akifunga, yeye husema "mtoto wetu," wala hasemi kwa kinyongo. Akina mama mnaolea watoto wakaenda kuwatajirisha wengine, maneno hayo mnayafahamu kuliko sisi.

La tatu, na ndilo linalomjibu yule mama, ni kwamba si kweli kwamba wakubwa hawashindwi. Sisi watu wa pwani tunao ushahidi wetu. Mwaka 1965, miaka miwili tu baada ya uhuru, bingwa wa Kenya alikuwa Feisal ya Mombasa. Tangu hapo hakuna klabu ya pwani iliyolitwaa taji hilo, ingawa Bandari ilikaribia msimu wa 2018/19 ilipomaliza ya pili na kutwaa ngao ya shirikisho mwaka huo wa 2019. Mwaka 2008 bingwa alikuwa Mathare United, iliyochipuka kutoka mitaa ya mabanda ya Nairobi. Mwaka uliofuata akawa Sofapaka, klabu ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imepanda daraja. Na hao wakubwa wenyewe wameonja ukame: Gor Mahia ilikaa bila ubingwa tangu 1995 hadi 2013, na AFC Leopards inausubiri tangu 1998. Kuna vijana wenye ndevu ambao hawajawahi kuiona klabu ya baba zao ikishika kombe.

Kwa jirani zetu Tanzania hali ni nzito zaidi, maana Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zimegawana mataji kama ndugu wanaogawana urithi. Hata hivyo Tukuyu Stars ya Mbeya ilikuwa bingwa mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga 1988, Mtibwa Sugar 1999 na 2000, na Azam msimu wa 2013/14. Huko Uingereza nako, mwaka 2016 ilishinda Leicester, ambayo wachezesha kamari waliahidi kulipa mara 5,000 kwa aliyethubutu kuibashiria. Mwaka 2023 Leicester hiyo hiyo ikashuka daraja. Na Aprili 2021, klabu 12 kubwa za Ulaya zilipotaka kujitenga na kuunda ligi yao isiyo na hatari ya kushuka, mashabiki wao wenyewe waliingia mabarabarani kuwapinga, na ndani ya siku chache mpango ukavunjika. Hata mpenzi wa mkubwa, kumbe, hataki mchezo ambao mdogo hana mlango.

Tulipofika hapo katika mazungumzo, tulikumbuka kisa ambacho kila mwanafunzi wa chuo amekisoma. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa na ngamia jike aitwaye Adhbaa, ambaye hakuwahi kushindwa mbio. Siku moja akaja bedui na kijana wa ngamia wake, akamshinda. Masahaba likawaumiza jambo hilo. Mtume hakumlaumu bedui wala hakudai mbio zirudiwe. Aliwafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu amejiwekea kuwa hapana kitu cha dunia kitakachoinuka ila atakishusha. Angalieni, ndugu zetu: waliosikitika walikuwa watu wema, na huzuni yao haikukemewa. Walichosahihishwa ni ile dhana kwamba mshindi wa jana amekatiwa hati ya kesho.

Dhana hiyo ndiyo mtaji wa wachezesha kamari. Tulimwita yule kijana mkubwa, tukakaa naye peke yetu, tukafanya hesabu. Kwa klabu kubwa inayocheza na ndogo, kampuni huahidi, tuseme, shilingi 1,200 kwa anayeweka 1,000. Akishinda, faida yake ni 200. Akishindwa, zimekwenda 1,000. Kwa hiyo kosa moja linafuta ushindi mara tano, na hapo bado hajapata hata senti. Na anayepanga bei hizo ni kampuni, ambayo haikufungua ofisi ili itajirishe vijana wa Majengo. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema hakuwahi kuihesabu hivyo.

Katika Surat al-Maida, aya ya 90 na ya 91, kamari imetajwa bega kwa bega na ulevi, na sababu yake ikaelezwa: huleta uadui na chuki baina ya watu, na huzuia dhikri na sala. Yule mama hakuwa na haja ya tafsiri. Uadui ulikwisha kuingia kati ya ndugu wawili chini ya paa moja. Na klabu zetu nazo zitazame. Mwaka 2019 kampuni ya kamari iliyozifadhili Gor Mahia na AFC Leopards ilipojitoa, zote mbili zilibaki zikihangaika.

Basi tunawausia nini wazazi? Msimkataze mtoto timu yake ya mtaa. Wanazuoni wametofautisha baina ya rajaa na tamanni: rajaa ni matumaini yanayofuatana na juhudi, na tamanni ni kutamani mtu akiwa amekaa. Mtoto anayechanga shilingi kumi ya nauli, akashinda juani na timu yake, akafungwa na akarudi tena wiki ijayo, yuko karibu na rajaa na subira. Mwekeeni sharti la sala kwa wakati wake, na la ulimi usiotukana mpinzani. Baba akipata nafasi aende naye. Na binti akipenda mchezo, asivunjwe moyo: Thika Queens walikuwa mabingwa wa wanawake wa Kenya msimu wa 2020/21, na tangu 2014 kanuni za mpira duniani zinaruhusu mchezaji kufunika kichwa. Kilichobaki ni juu yetu kumtafutia mahali pa heshima.

Ama simu, iulizeni. Anayefanya kazi na kuishi kwenu atoe kwanza sehemu ya nyumba, ndipo aitie mfukoni iliyobaki.

Kabla ya kuondoka Thika, yule mama alituletea habari. Kijana mkubwa amekubali kumkabidhi mamake fungu la kodi siku ile ile ya mshahara. Hakuahidi kwamba ameacha kamari kabisa, na mama hakutaka kumlazimisha aseme asilolitimiza. Lakini Jumamosi iliyofuata aliwaona wanawe wote wawili wakitoka pamoja kwenda uwanjani. Timu ya mtaa ikafungwa tena.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awalinde vijana wetu, aibariki riziki ya halali ijapokuwa ndogo, na awape akina mama subira na nguvu. Wabillahi tawfiq.