MAJERUHI WA AJALI NA MUDA WA KUPONA

Tarehe 6 Mei, 2017, basi la Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni huko Karatu. Wanafunzi 32, walimu 2 na dereva walifariki dunia. Watoto watatu walinusurika, mifupa ikiwa imevunjika sehemu mbali mbali za mwili. Walitibiwa kwanza Hospitali ya Mount Meru, kisha wakapelekwa Marekani, wakarejea nyumbani mwezi wa Agosti.

Miezi mitatu hiyo yafaa kuzingatiwa. Gari linapogota ghafla, mwili wa abiria asiyefunga mkanda huendelea kwenda mbele. Kichwa, taya, shingo na mapaja ndivyo vinavyopigwa. Mfupa uliovunjika kwa kawaida huunga. Uti wa mgongo ukikatika hauungi, na mara nyingine hukatwa na mikono ya waokoaji wenye huruma na pupa. Kwa hiyo majeruhi asikunjwe wala kuketishwa garini. Isipokuwa pana moto au hatari nyengine, anyanyuliwe na watu kadhaa kwa pamoja, juu ya ubao, kichwa, shingo na kiwiliwili vikiwa mstari mmoja.

Plasta ikishaondolewa, misuli huwa imesinyaa na viungo vimekakamaa. Hapo ndipo mazoezi ya viungo huanza, na ndipo wagonjwa wengi huacha kuhudhuria hospitali. Wakuu wa Idara wanaombwa kutambua kwamba mtumishi aliyetoka wodini hajawa tayari kubeba mizigo, na ampatiwe nafasi ya kuhudhuria mazoezi hadi daktari atakapomruhusu.