Kiingereza cha mwanafunzi wa siasa: Vita viko kwenye maneno madogo

Mwanafunzi wa sayansi ya siasa hapa nchini huambiwa mapema kwamba Kiingereza chake hakitoshi. Basi hununua daftari na kuanza kuwinda maneno makubwa makubwa: 'hegemony', 'sovereignty', 'constitutionalism'. Nimeyaona madaftari hayo tangu enzi nilipokuwa nikisomea somo hilo mwenyewe hadi leo ninapoombwa kupitia insha za wanafunzi. Yamejaa, na yamepigiwa mistari kwa wino mwekundu.

Sina ugomvi na maneno makubwa. Mtu hawezi kusoma siasa bila hayo. Ila naona mwanafunzi wetu anaanzia mkiani. Mivutano mikali ya kikatiba iliyotukumba tangu 2010 imegeukia maneno ambayo hata mtoto wa gredi ya tatu anayajua: 'or', 'and', 'shall', 'may'. Hayo hayamo daftarini. Nani ayaandike, ilhali kila mtu anadhani anayajua?

Utauliza, mbona tushughulike na Kiingereza ilhali Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi? Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema hivyo, kweli. Lakini nenda hadi Kifungu cha 259. Hapo utaambiwa kwamba matoleo ya Katiba ya lugha tofauti yakigongana, la Kiingereza ndilo litakaloshinda. Mimi hukasirika kidogo kila ninapokisoma. Hata hivyo, hasira haimpunguzii mwanafunzi kazi. Maadamu mzozo utaamuliwa kwa Kiingereza, sharti ajue Kiingereza hicho kinavyofanya kazi ndani ya sentensi.

Hebu tuchukue Kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi jinsi kilivyokuwa mwaka 2017. Kwa maneno yangu, kilisema hivi: uchaguzi hautabatilishwa kwa sababu ya kutofuatwa kwa sheria, ikiwa itaonekana kwamba uliendeshwa kwa kufuata misingi ya Katiba na ya sheria husika, 'or' kwamba kasoro hiyo haikuathiri matokeo. Sasa anayepinga matokeo anatakiwa athibitishe mambo mangapi? Yote mawili, au moja tu?

Msomaji wa haraka atasema 'or' ni 'au', na 'au' ni kuchagua, kwa hivyo moja latosha. Ngoja kwanza. Sentensi imeanza kwa kukanusha. Tuseme mwalimu mkuu ametangaza: "Hutarudishwa nyumbani ikiwa umelipa karo au umeleta barua ya mzazi." Mtoto mwenye barua peke yake amenusurika. Wa kurudishwa ni yule aliyekosa vyote viwili. Maana yake ni kwamba 'au' ikikaa ndani ya kanusho la namna hiyo humsaidia anayejitetea na kumwongezea mzigo anayeshtaki.

Mahakama ya Juu haikuisoma hivyo. Katika uamuzi wa majaji wengi uliobatilisha uchaguzi wa urais mnamo Septemba 1, 2017, ilikichukua kiunganishi hicho kuwa cha kutenganisha. Mlalamishi angeweza kufaulu kwa kuthibitisha moja kati ya mawili: kwamba misingi ya Katiba na sheria ilikiukwa, au kwamba kasoro ziliathiri matokeo. Majaji hawakuegemea sarufi peke yake. Waliitazama Katiba nzima na thamani inayoupa mchakato wa uchaguzi, si hesabu ya kura tu. Lakini mwanafunzi asiyeiona nguvu ya 'or' hawezi kuufuata ubishi huo, sembuse kuutolea maoni.

Bunge nalo liliona mwiba uko wapi. Oktoba mwaka uo huo likapitisha marekebisho ya kuing'oa 'or' na kuipanda 'and' mahali pake. Wengi walielewa kwamba nia ilikuwa kuufanya uchaguzi uwe mgumu zaidi kubatilishwa. Sasa rudi kwa mwalimu mkuu wetu. Weka 'na' palipokuwa na 'au': "Hutarudishwa nyumbani ikiwa umelipa karo na umeleta barua." Umeona? Mtoto sasa anahitaji vyote viwili ndipo asalimike. Kisarufi, badiliko lililonuiwa kuufunga mlango laweza kusomwa kuwa limeufungua wazi! Mahakama Kuu ililitupilia mbali badiliko hilo mwaka 2018, kwa hivyo hatukupata kuona lingezua nini.

Kiswahili kingetuepusha na sehemu ya vurugu hii kwa sababu kina 'wala'. Nikisema sitaki chai wala kahawa, hakuna atakayeniletea kikombe. Kiingereza humtwika 'or' kazi zote mbili, ya 'au' na ya 'wala', kisha kikamwachia msomaji abainishe. Mwanafunzi anayekariri kwamba 'or' ni 'au', basi, atakwama mara tu sentensi itakapokanusha.

Tuje kwa 'shall'. Shuleni tulifundishwa kwamba ni alama ya wakati ujao, ndugu yake 'will'. Katika sheria si wakati ujao hata kidogo, ni sharti. Kifungu cha 261(7) cha Katiba kinalitumia mara mbili kwa mkupuo: Bunge likishindwa kutunga sheria iliyoagizwa na mahakama, Jaji Mkuu 'shall' amshauri Rais alivunje, na Rais 'shall' alivunje. Mnamo Septemba 21, 2020, Jaji Mkuu David Maraga alitoa ushauri huo kwa Rais Uhuru Kenyatta, kwa kuwa Bunge halikuwa limetunga sheria ya kuhakikisha kwamba wabunge wa jinsia moja hawazidi thuluthi mbili. Ushauri ulipingwa kortini, ukasimamishwa, na Bunge likaendelea na vikao vyake hadi uchaguzi wa 2022.

Na si mara ya kwanza 'shall' kututatiza. Desemba 2012, kuhusu kanuni iyo hiyo ya jinsia, majaji wengi wa Mahakama ya Juu walishauri kwamba neno hilo halimaanishi amri ya papo kwa papo kila linapotokea, na kwamba kanuni ingetekelezwa hatua kwa hatua. Jaji Mkuu wa wakati huo, Willy Mutunga, alikuwa na maoni tofauti na wenzake. Wanawake waliokuwa wakisubiri viti Bungeni waliambiwa, kwa tafsiri ya neno lenye herufi tano, wasubiri zaidi. Wangali wanasubiri.

Hebu jaribu kulitafsiri. "Rais atavunja Bunge" ni kama utabiri wa hali ya hewa. "Rais avunje Bunge" ni agizo. "Rais sharti avunje Bunge" haliachi upenyo. Kiswahili kinakulazimisha uchague, na ni katika kuchagua huko ndipo mwanafunzi hugundua kwamba hakuwa ameielewa sentensi ya Kiingereza. 'May' nayo ni hivyo hivyo. "Huenda Rais akateua" na "Rais ana ruhusa ya kuteua" zote zaweza kuandikwa kwa 'may', ilhali ya kwanza ni ubashiri na ya pili ni mamlaka. Ukiiona katika sheria, karibu kila mara ni ya pili.

Asije mtu akadhani hizi ni porojo za mawakili wa Nairobi. Mwaka 1889 Menelik wa Pili wa Ethiopia alitia saini mkataba na Italia huko Wuchale. Katika nakala ya Kiamhari, Ethiopia ingeweza kuitumia Italia katika mawasiliano yake na mataifa mengine ikipenda. Katika nakala ya Kiitaliano, ililazimika. Kwa hiyo Italia ikatangaza kwamba Ethiopia iko chini ya ulinzi wake. Menelik akaukana mkataba, na mzozo ukaishia kwenye vita vya Adwa Machi 1896, ambako Waitaliano walishindwa vibaya. Hapakuwa na Kiingereza hapo hata chembe, lakini tofauti ni ile ile kati ya 'may' na 'shall'.

Kauli za vitenzi zahitaji makala yake. Itoshe kusema kwamba mwanafunzi hufunzwa kuikamata kauli ya kutendwa ya Kiingereza kwa kuwa huficha mtenda. Sawa. Lakini Kiswahili kina kificho bora zaidi, kauli ya kutendeka. "Fedha ziliibwa" bado inakuruhusu kuuliza "na nani?" Ila "makosa yalifanyika" haina nafasi ya huyo nani. Sikiliza hotuba za viongozi wetu kwa sikio hilo.

Sasa turudi kwa msamiati, kwa kuwa nimesema sina ugomvi nao. Kinachomsumbua Mkenya si maneno mageni bali yale anayodhani ana kisawe chake. Kiingereza hutenga 'politics' na 'policy'. Sisi tuna 'siasa' na 'sera', na Mkenya wa leo hayachanganyi. Lakini msomee Azimio la Arusha la 1967, ambalo hutaja siasa ya TANU juu ya ujamaa na kujitegemea, naye atadhani ni habari za kampeni. Siasa hiyo ni sera. Neno lilitoka kwa Kiarabu likiwa limebeba maana zote mbili, na Tanzania ya wakati huo ilizitumia zote.

Kigumu zaidi ni 'uhalali'. Kamusi hulipa kwa 'legality' na pia kwa 'legitimacy', na hapo mwanafunzi hujikuta ameandika kwamba utawala fulani ulikuwa halali lakini haukuwa halali. Serikali ya makaburu wa Afrika Kusini ilipitisha sheria zake bungeni, zikachapishwa, zikatumika mahakamani. Ilikuwa na uhalali wa kisheria. Kile ilichokosa ni kukubalika kwa walio wengi, watu ambao haikuwaruhusu kupiga kura. Mimi hutumia 'uhalali wa kisheria' kwa kile cha kwanza na 'ukubalifu' kwa cha pili. Kama una neno zuri zaidi, niletee, kwa sababu silipendi sana hili langu.

Wanafunzi wanaoniuliza waanzie wapi huwaelekeza kwa Sura ya Nane ya Katiba, ile inayohusu Bunge, katika matoleo yote mawili, yakiwekwa bega kwa bega. Wapigie mstari kila 'shall', 'may', 'and' na 'or', kisha watazame mtafsiri alifanya nini na kila moja. Kazi hiyo huchukua wikendi mbili. Palipo na tofauti waandike pembeni nani anafaidika na tofauti hiyo: Rais, Bunge, mahakama au mpiga kura.