Madeni yamekulemea? Soma haya kabla hujaomba kutangazwa mufilisi

Haya wadau, leo tuongee jambo ambalo watu hulizungumza kwa kunong'ona. Umekopa benki, ukakopa Sacco, ukajazia na mikopo ya simu. Mshahara ukiingia leo, leo hiyo hiyo umeisha. Namba usiyoijua ikipiga, moyo unaruka. Halafu jamaa anakwambia, "Si ujitangaze mufilisi tu uishi kwa amani?" Je, ni rahisi hivyo?

Hapa Kenya mambo haya yanaongozwa na Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015. Tuchukue maswali moja moja.

NITAFUNGWA? Kufilisika si kosa la jinai. Kinachotisha watu ni jela ya madeni: aliyekushinda kesi anaweza kuomba korti ikufunge, hadi miezi sita. Mwaka 2010 Jaji Martha Koome aliamua kwamba kumfunga mtu kwa sababu ya deni tu hakufai. Mwaka 2012 jaji mwingine wa Mahakama Kuu akasema kifungo hicho kinaweza kutumika, lakini lazima mdaiwa asikizwe kwanza. Ukishatangazwa mufilisi, wadai hawawezi kuendelea kukufuata mmoja mmoja kortini. Ila ukificha mali, hapo umejitafutia kesi nyingine, na hiyo ni ya jinai.

WATACHUKUA KILA KITU? Mali yako inaingia mikononi mwa afisa wa serikali, Mpokeaji Rasmi, auze na kuwagawia wadai. Unaachiwa vifaa vya kazi, nguo na vyombo vya lazima vya nyumbani. Lakini kama shamba au gari uliliweka dhamana, benki bado ina haki nalo.

MADENI YOTE YATAFUTWA? La. Deni la ulaghai halifutwi, wala pesa za matunzo ya mke au watoto ulizoamriwa kulipa.

NA WALIONIDHAMINI? Hapa ndipo wengi huumia. Wewe ukiondolewa deni, mdhamini wako haondolewi. Yule shemeji au mfanyakazi mwenzako aliyekuwekea sahihi Sacco ndiye atakatwa. Jamani, usimwache asikie kwa watu. Mwambie mapema, tena uso kwa uso.

NI YA MILELE? Si ya milele. Kwa kawaida unaachiliwa miaka mitatu baada ya kuwasilisha taarifa ya mali na madeni yako, mradi hakuna aliyepinga. Kabla ya hapo, huwezi kusimamia kampuni bila ruhusa, na chini ya Katiba ya 2010 huwezi kugombea ubunge wala kiti cha bunge la kaunti. Na siyo siri, manake inatangazwa hadharani.

Sasa sikiza vizuri, kuna njia nyingine ambazo wengi hawaambiwi. Unaweza kuelewana na wadai kupitia mpango rasmi wa malipo, au kuomba amri ya kulipa kwa awamu. Na kama huna mali yoyote ya kuuzwa wala uwezo wa kulipa, kuna utaratibu wa wasio na mali, wa madeni ya kati ya shilingi 100,000 na milioni 4. Ombi unalipeleka kwa Mpokeaji Rasmi, si kortini, na mambo yakienda sawa unaachiliwa baada ya miezi 12. Kijana mwenye mikopo ya simu na godoro moja, hii ndiyo ya kuulizia kwanza.

Kwa hivyo kabla ya kukimbilia wakili, chukua karatasi. Andika kila deni, nani anakudai, nani alikudhamini, na una nini cha kuuzwa. Ukishaona hesabu yote mbele yako, utajua mlango wa kubisha. Deni ni aibu ukilificha, ukilitoa nje linakuwa hesabu tu.

Una swali au umewahi kupitia haya? Tupia maoni hapo chini, lakini majina ya watu tuyaache.